Eliya Alilala, Akala, Akaenda

Somo la mwezi kwa walimu, wazee wa usharika na wasomaji wote

Soma kwanza: 1 Wafalme 19:1–8; Zaburi 127:1–2; Marko 6:30–32



Mwezi huu twataka kusema nanyi habari za mwili: jinsi ulalavyo, ulavyo na uendavyo. Labda mmoja wenu atauliza, "Je! Wachungaji wameacha Injili wakawa waganga?" Hatukuiacha. Twaandika somo hili kwa sababu ya kaburi moja.

Huku kwetu Isaka tulimzika mwinjilisti mmoja aliyekuwa hajatimiza miaka 50. Alikuwa mtumishi mwaminifu, nasi hatuliondoi neno hilo. Kila Jumapili alihubiri katika mitaa miwili. Kila Ijumaa alikesha katika sala pamoja na watu wake. Na kwa kuwa posho ya mwinjilisti haitoshi kulea watoto watano, siku nyingine alifanya kazi ya usiku, akihesabu mizigo ya malori. Alikula mara moja kwa siku, usiku wa manane, chipsi na soda kando ya barabara. Kichwa kilimwuma mara kwa mara. Akameza vidonge vya maumivu, akaendelea. Hakupimwa damu hata siku moja. Basi asubuhi moja alipokuwa akifungua Biblia mbele ya watu, akaanguka. Upande wake wa kuume ukapooza, na siku ya tatu akafariki.

Kaburini tulisema maneno mazuri. Tulisema ya kuwa hakujihurumia, hakujua kulala, alijimaliza kwa ajili ya Bwana wake. Watu wakaitikia Amina. Lakini matanga yalipokwisha, mjane wake alitujia, akasema kwa upole, "Baba Mchungaji, ninyi nyote mlijua ya kuwa halali. Mbona mlimsifu, wala hamkumwambia apumzike?"

Hatukuwa na jibu siku ile. Somo hili ndilo jibu letu, nalo limechelewa.

MUNGU ALIVYOMTUNZA MTUMISHI ALIYECHOKA

Mwaijua habari ya Eliya. Juu ya mlima wa Karmeli alisimama peke yake mbele ya manabii wa Baali. Kisha Yezebeli akaapa kumwua, naye akakimbia mpaka Beer-sheba, akaingia jangwani mwendo wa siku moja, akaketi chini ya mretemu, akaomba afe. Mtu huyu hakuwa mwenye dhambi ya uvivu. Alikuwa amechoka.

Sasa angalieni vema Mungu alivyofanya. Hakumtolea hotuba, wala hakumkemea kwa upungufu wa imani. Eliya alilala, malaika akamwamsha, akamwonyesha mkate uliookwa juu ya makaa na chombo cha maji. Akala, akanywa, akalala tena. Na malaika akamwacha alale. Mara ya pili akamwamsha ale, kwa kuwa safari iliyokuwa mbele yake imemzidi nguvu. Ndipo akaondoka, akaenda kwa miguu mpaka Horebu, mlima wa Mungu. Na huko Horebu, baada ya usingizi na chakula na mwendo, ndiko Mungu alikomwuliza, na ndiko alikomtuma tena kazini.

Basi utaratibu ni huu: usingizi, chakula, mwendo, kisha mazungumzo, kisha kazi. Sisi twaugeuza. Twaanza na kazi, na kama kikibaki kitu twaupa mwili. Tena aliyeumaliza mwili wake twamwita mtakatifu. Tuyatazame mambo matatu hayo, moja moja.

I. USINGIZI

Isaka ni mahali pasipolala, na ninyi mkaao hapa mwajua. Reli iliyofika Mwanza mwaka 1928 yapita hapa. Bandari kavu yapokea shehena za Rwanda, Burundi na Kongo, na malori yaondoka kila saa. Kazi ya reli mpya ya kati ya Mwanza na Isaka, iliyoanzwa mwaka 2021, imeleta watu wengine na zamu nyingine. Na ukienda upande wa Kahama, Bulyanhulu na Geita, nchi ya dhahabu, makarasha yavunja mawe mchana na usiku. Katika mahali kama hapa, mtu alalaye mapema huonekana kuwa mjinga anayepitwa na fedha.

Lakini Zaburi ya 127 yatufundisha ya kuwa kuamka mapema na kuchelewa kulala kwa ajili ya masumbuko tu ni kazi bure, na ya kuwa usingizi ni zawadi ya Mungu kwa wapenzi wake. Na Martin Luther, katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, alipokwisha kuandika sala ya jioni, aliongeza agizo fupi: ukiisha kusali, lala mara, na moyo wako uwe mkunjufu. Wengi wetu twaijua sala ile tangu siku za Kipaimara, lakini agizo lile twaliruka.

Wataalamu wa afya wasema ya kuwa mtu mzima ahitaji kulala saa 7 au zaidi kila usiku. Kijana wa miaka 13 hata 18 ahitaji saa 8 hata 10, na mtoto wa miaka 6 hata 12 saa 9 hata 12. Anayelala saa 4 ya usiku na kuamka saa 11 alfajiri amepata saa 7. Akosaye usingizi siku nyingi, shinikizo la damu yake hupanda, sukari ya mwilini huharibika taratibu yake, njaa yake huongezeka, hasira huwa karibu, na maradhi humpata upesi. Tena imepimwa ikaonekana ya kuwa mtu aliyekaa macho saa 17 au zaidi hutenda kama mtu aliyekunywa pombe: mikono yake huchelewa, na macho yake huona nusu. Enyi madereva na vijana wa bodaboda, litieni neno hili moyoni. Kusinzia penye usukani ni hatari kwenu na kwa wale msiowajua mliokutana nao njiani. Na amri ya tano yatukataza kuudhuru mwili wa jirani.

Haya ndiyo twashauri. Chagua saa moja ya kulala na saa moja ya kuamka, uzishike hata siku za mapumziko. Chai na kahawa uziache tangu alasiri. Simu iwekwe mbali na kitanda nusu saa kabla ya kulala, kwa maana mwanga wake na habari zake huufukuza usingizi. Pombe humlaza mtu upesi, lakini usingizi wake hukatika katika usiku. Na chandarua chenye dawa kitandikwe kila usiku, hata wakati wa kiangazi, maana mbu aletaye malaria huuma usiku.

Wako ambao kazi yao ni ya usiku: walinzi, watu wa zamu migodini, akina mama wawapikiao madereva chakula. Hao hatuwaambii waache kazi. Twawaambia walale mchana kwa saa zile zile kila siku, dirisha likiwa limefunikwa, na jamaa ya nyumbani wanyamaze kama wanavyonyamaza kwa mgonjwa.

Tena twasema na waume. Katika nyumba nyingi mama ndiye alalaye mwisho na kuamka kwanza. Saa 10 alfajiri yuko kisimani, mume angali kitandani. Usingizi wa mama si zawadi ya Mungu peke yake. Umo pia mikononi mwako. Chukua ndoo.

Na mikesha yetu je? Bwana Yesu alikesha mlimani usiku mzima katika kuomba. Habari hiyo imo katika Luka 6:12. Lakini huyo huyo alilala ndani ya chombo wakati wa dhoruba, akiwa na mto chini ya kichwa. Imo katika Marko 4:38. Yote mawili aliyafanya kwa kumtumaini Baba. Mkesha wa Pasaka au wa mwaka mpya ni jambo jema. Mkesha wa kila juma, ambao mwalimu huutoka akaenda darasani kusinzia mbele ya watoto, twapaswa kuuchungua upya.

II. CHAKULA

Katika ombi la nne twaomba mkate wetu wa kila siku. Luther, akilieleza, ahesabu pamoja na chakula na kinywaji mambo mengi, hata amani na afya. Basi aombaye mkate na kuutumia kwa kuiharibu afya yake hubomoa kwa mkono mmoja anachokijenga kwa mkono wa pili.

Wazee wetu Wasukuma walikuwa na hekima ya chakula. Walikula ugali wa mtama. Viazi vitamu walivikata vibichi wakavianika, ndiyo michembe. Au walivichemsha kwanza ndipo wakavianika, ndiyo matobolwa. Majani ya kunde waliyakausha, ndiyo nsansa, yakawafaa wakati wa kiangazi. Walikuwa na mlenda, kunde, karanga, maziwa ya mgando, na dagaa kutoka ziwani. Leo mgeni akija twaona haya kumwandalia nsansa; twasema ni chakula cha njaa. Twampa wali mweupe wenye mafuta mengi, na chupa ya soda. Na mgeni mheshimiwa kuliko wote ni mchungaji. Kwa hiyo katika ziara moja ya mitaa mitatu mchungaji huweza kunywa soda tatu, asiwahuzunishe wenyeji. Twalijua jambo hili vema.

Basi fahamuni: chupa moja ya soda ya mililita 300 ina sukari ipatayo vijiko 7 vya chai au zaidi. Shirika la Afya Duniani lashauri ya kuwa ni afadhali mtu mzima asipite vijiko 6 hivi kwa siku nzima, katika sukari ya kuongezwa. Chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, pamoja na ile iliyomo tayari katika vyakula. Basi chombo cha chumvi kiondolewe mezani. Matunda na mboga vifike gramu 400 kwa siku, kama konzi tano. Unga wa dona hushinda sembe, kwa kuwa sembe imeondolewa ganda na kiini, na pamoja navyo sehemu kubwa ya vitu viulindavyo mwili.

Katika sahani yako, mboga iwe nyingi kama ugali au zaidi yake. Maharage, kunde, dagaa au maziwa visikose. Na tunda la majira, embe, pera au papai, lifuate. Kula jioni mapema, wala usisubiri usiku wa manane. Maji yawe kinywaji chako cha kwanza. Na mnapoanika karanga na mahindi, yakauke kabisa, yasiguse udongo. Yaliyoota kuvu yatupwe, wala asipewe kuku au mtoto. Mwaka 1916 hatukuijua sumu hiyo. Lakini mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu waliugua na wengine wakafa kwa kula mahindi yenye sumu ya kuvu.

Hatuweki sheria mpya ya vyakula. Danieli na wenzake walikula mboga na kunywa maji siku 10, nyuso zao zikawa nzuri; lakini Maandiko hayakumwamuru kila mtu afanye hivyo. Mkristo ni huru kula nyama na kumshukuru Mungu. Twasema tu ya kuwa uhuru usiwe kamba ya kujinyongea.

Tena twajua ya kuwa wako wasomaji wetu ambao, mvua zikikosa, swali lao si chakula gani, bali kama kipo. Mwalimu asifundishe sehemu hii mbele ya wenye njaa na kisha awaage kwa amani. Kwanza usharika uulizane ni nyumba gani haijapika leo.

III. MWENDO

Paulo amwandikia Timotheo ya kuwa kuuzoeza mwili kwafaa kidogo, lakini utauwa wafaa kwa mambo yote (1 Timotheo 4:8). Wengine hulishika neno hili ili wakae vitini. Lakini asemaye kwafaa kidogo hakusema hakufai. Tena Paulo mwenyewe aliizunguka nchi kwa miguu. Mwili wake haukuhitaji kukumbushwa.

Sisi wa leo twahitaji. Zamani mwalimu alikwenda mtaani kwa miguu au kwa baiskeli, na Shinyanga yote yajulikana kwa baiskeli zake. Leo hata mwendo wa robo saa twapanda bodaboda. Mkulima hufanya kazi ngumu katika majira ya kulima, kisha baada ya mavuno hukaa miezi chini ya mti akicheza bao. Karani na mwenye duka huketi mwaka mzima.

Ushauri wa Shirika la Afya Duniani ni huu: mtu mzima autumikishe mwili wake dakika 150 kwa juma, angalau, kwa kazi ya kutia jasho kidogo. Ndiyo nusu saa kwa siku 5. Yatosha kwenda kwa miguu upesi, hata uweze kusema lakini usiweze kuimba. Yatosha kuendesha baiskeli, kulima bustani, kuchota maji. Hakuna haja ya kununua kitu cho chote.

Wazee wetu walijua pia ya kuwa kazi ya pamoja haichoshi moyo. Katika bugobogobo vijana walilima kwa kufuata ngoma, majembe yakipanda na kushuka pamoja, hata shamba likaisha kabla hawajahesabu saa. Mambo ya dawa na mashindano ya Bagika na Bagalu Kanisa liliyakataa, na kwa haki. Lakini kulima pamoja kwa furaha hakuna dhambi. Kwaya zetu na vijana wetu wangeweza kulima shamba la mjane mara moja kwa juma wakiimba nyimbo zao; hapo mwili na jirani vingesaidiwa kwa jembe moja.

Neno moja kwa ndugu zetu wa migodini. Ninyi hamkosi jasho. Mwili wako ukibeba mawe usiku kucha, wahitaji usingizi na chakula kuliko mazoezi. Tena vumbi la mawe huharibu mapafu, na mvuke wa zebaki huharibu ubongo na figo. Msichome zebaki nyumbani wala karibu na watoto.

IV. KUPIMWA NA DAWA

Mwinjilisti wetu hakujua ya kuwa ni mgonjwa. Shinikizo kubwa la damu mara nyingi halina maumivu wala kelele. Uchunguzi uliofanywa Tanzania mwaka 2012 ulionyesha ya kuwa katika watu wa miaka 25 hata 64, karibu mmoja katika kila wanne alikuwa na ugonjwa huo. Basi hesabu safu yako kanisani: mmoja, wawili, watatu, wanne.

Nenda zahanati upimwe. Vipimo vikifika 140 kwa 90 au zaidi, na kurudia kuwa hivyo siku nyingine, mganga atakuambia la kufanya. Ukipewa dawa ya kila siku, imeze kila siku, hata ujisikiapo mzima. Desturi njema husaidiana na dawa, hazishiki mahali pake. Wala asitokee mtu kukuambia ya kuwa kumeza dawa ni kukosa imani. Luka alikuwa tabibu, na Paulo alimwita mpendwa.

Tena mkimwona mtu kinywa chake kimekwenda upande, au mkono mmoja umelegea ghafula, au maneno yake hayaeleweki, msiseme amerogwa. Msimpeleke kwa mganga wa ramli, wala msimweke kanisani mkimwombea mpaka asubuhi. Mpelekeni hospitali saa ile ile, mkimwombea njiani. Katika ugonjwa huo kila saa ina thamani yake.

TULIVYOKUSUDIA

Wazee wa usharika wetu walikaa baada ya swali la yule mjane. Wakapatana ya kuwa kila mwinjilisti apate siku moja ya kupumzika katika juma, na siku hiyo asiitwe ila kwa msiba. Mikesha ya Ijumaa sasa yamalizika saa 4 ya usiku. Katika mikutano twanywa maji, na mchungaji akifika mtaani hapewi soda. Jumapili ya kwanza ya kila mwezi muuguzi mmoja wa usharika huwapima watu damu baada ya ibada. Siku ya kwanza mchungaji alipimwa mbele ya wote, akaambiwa arudi zahanati kesho yake. Akarudi, na dawa anameza hata leo.

Neno moja hatujalimaliza, nalo ni posho. Mtu asiyelipwa cha kumtosha atafanya kazi usiku, hata tukimhubiria usingizi mwaka mzima. Sharika zinazosoma somo hili zilitazame jambo hilo katika hesabu zao, kabla ya kununua spika mpya.

MASWALI KWA WALIMU

1. Kwa nini Mungu hakumwuliza Eliya neno lo lote mpaka alipokwisha kulala na kula?
2. Katika nyumba yako, ni nani alalaye saa chache kuliko wote? Ni nani awezaye kumpunguzia mzigo?
3. Ni chakula gani cha wazee wetu tulichokiacha kwa haya tu?
4. Ni nani katika usharika wako asifiwaye kwa kutojihurumia? Nenda kwake juma hili, ukamwulize alilala saa ngapi.

Swali la nne si la kujibiwa darasani. Sisi tulilikawiza, na mtu tuliyepaswa kumwuliza hayupo tena. Ninyi mngali na nafasi.

Bwana awape usingizi wa amani, na chakula cha leo, na nguvu za safari.